Kabla ya Kukubali Kazi: Mambo Yapasayo Kuulizwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baad: katika darsa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja alisimama akatutaka shauri. Kijana huyu amesoma kuweka hesabu, babake amefariki, na nyumbani ana mama na wadogo zake watatu wanaomtazamia yeye. Alikaa mwaka mzima bila ya kazi, kisha zikamjia kazi mbili katika wiki moja. Ya kwanza ni kuwa mtunza stoo katika hoteli ya watalii, huku pwani yetu ya kaskazini. Mshahara wake ni mzuri na mkataba wake umeandikwa kifungu kwa kifungu, lakini katika vitu atakavyovipokea na kuvitoa kila siku mna pombe. Ya pili ni kuwa karani katika afisi ya kutoa mizigo forodhani. Mwenye afisi ni tajiri Mwislamu asiyekosa safu ya mbele msikitini. Mshahara ni mdogo, karatasi ya mapatano hakuna, na katika mazungumzo tajiri alimwambia, huku akicheka, kwamba karani hodari ni yule ajuaye kuipunguza thamani ya mzigo kabla haijaandikwa.

Watu wa mtaani kwake wamekwisha kumhukumia. Wako waliomwambia, "Shika ya hoteli, mama asilale na njaa." Na wako waliomwambia, "Shika ya Mwislamu mwenzako, mkataa pema pabaya pamwita." Naye akatuuliza, "Maalim, nishike ipi?"

Usiku ule hatukumpa jibu la haraka. Tuliona kwamba swali lake ni swali la vijana wetu wengi, na la wazazi wao pia, basi tukamwahidi kuliandikia somo. Na somo lenyewe ni hili.

MTAFUTA KAZI SI MWOMBAJI

Kosa la kwanza tulionalo kwa ndugu zetu ni kudhani kwamba mtafuta kazi ni mwombaji, na kwamba mwombaji hachagui wala haulizi. Sivyo. Katika sheria yetu kuajiriwa ni mapatano, nayo huitwa ijara. Mtu anauza manufaa ya mkono wake na akili yake kwa muda maalumu, na mwengine anayanunua kwa ujira maalumu. Maulamaa wa fiqhi wameshurutiza kazi ijulikane na ujira ujulikane, kama vile muuza nguo na mnunuzi wake wapaswavyo kuijua nguo na kuijua bei. Mwenye kuingia kazini asijue atafanya nini, kwa saa ngapi, na atalipwa nini na lini, hakuonyesha tawakkul. Ameuza mali yake gizani.

Wala hapana aibu katika kuajiriwa. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe ametueleza, kama ilivyopokewa na Bukhari, kwamba aliwachunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Kisha akaenda Sham na bidhaa ya Bibi Khadija, ambaye alimtuma kwa kuwa alizisikia khabari za uaminifu wake. Aliyekuwa bora wa viumbe hakuona haya kulipwa kwa kazi yake. Basi nasi tusione haya kuuliza tutalipwaje.

MFANO WA NABII MUSA

Mwenye kutaka kuona mapatano ya kazi yalivyo mazuri, naasome kisa cha Nabii Musa katika Suratul Qasas. Musa alifika Madyan hali ya kuwa ni mkimbizi, hana nyumba wala jamaa. Akawanyweshea mabinti wawili wanyama wao bila ya kutaka malipo. Baba yao, ambaye Qur'ani haikumtaja jina na wafasiri wamekhitalifiana juu yake, akamwita ili amlipe kwa kazi ile, na hali hapakuwa na ahadi yoyote baina yao. Kisha binti mmoja akamshauri babake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu.

Yatazameni yaliyofuata. Mzee alimweleza Musa kazi na malipo yake, nayo yalikuwa ni kumwoza binti yake. Akamtajia muda, miaka minane, na akitimiza kumi basi hiyo ni hisani yake mwenyewe. Akamwambia kwamba hataki kumtia mashakani. Naye Musa, juu ya ukimbizi wake na haja yake, hakuitika kwa kichwa tu. Aliyakariri masharti kwa ulimi wake, akasema kwamba muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili asidhulumiwe, na akamweka Mwenyezi Mungu kuwa ni shahidi wa maneno yao. Ikiwa Nabii wa Mungu, asiye na pa kulala, aliyaweka wazi masharti kabla ya kuanza, sisi tuna udhuru gani?

Kutokana na kisa hiki twapata mambo matatu ya kuyatazama: kazi yenyewe, mwajiri, na nafsi ya mwenye kuajiriwa.

LA KWANZA: KAZI YENYEWE

Kwanza mtu ajiulize: mkono wangu utafanya nini? Hatusemi, "Jina la pale mahali ni nani?" Twasema, "Mkono wangu." Mtume (S.A.W.) katika khabari ya pombe hakumtaja mnywaji peke yake, bali aliwataja pia mwenye kuikamua, mwenye kuiuza, mwenye kuinywesha, mwenye kuichukua na mwenye kuchukuliwa. Na katika khabari ya riba aliwatia lawamani pamoja mlaji wake, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Karani basi asijidanganye akasema, "Mimi naandika tu." Kuandika ni kazi, na kazi ina hukumu yake.

Lakini huu usiwe mlango wa kukaza pasipokazwa. Hoteli ina mpishi wa wali, fundi wa mabomba, mtunza bustani, mfuaji mashuka na mlinzi wa lango. Twaona kwamba hukumu ya mwenye kufua mashuka si hukumu ya mwenye kumimina pombe, ijapokuwa wote hulipwa na afisi moja. Kadhalika kijana aliyesoma mambo ya benki asidhani kwamba milango yote imefungwa, kwani tangu mwaka wa 2008 ziko Kenya benki zinazofanya kazi kwa misingi ya sheria ya Kiislamu, na aliye na elimu hiyo aanze kubisha hodi huko.

Na kinyume chake ni kweli vile vile. Kazi ambayo jina lake ni halali yaweza kuwa na haramu ndani yake. Kutoa mizigo forodhani ni kazi njema, na watu wa Mombasa wameila riziki yake kwa vizazi. Lakini kuandika kwamba mzigo wa shilingi laki kumi ni wa laki nne ni uwongo na ni khiyana. Mwenyezi Mungu aliwaangamiza watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaib, kwa ukafiri wao na kwa kupunja vipimo. Kalamu ya karani ni mizani ya zama zetu. Tena akumbuke kijana kwamba siku ya kukamatwa, jina litakaloonekana chini ya karatasi ni lake, na tajiri atasema hakujua.

LA PILI: MWAJIRI

Ndugu zetu wengi humpima mwajiri kwa kanzu yake na kofia yake. Hapa yataka tuseme wazi, ijapokuwa maneno yatawachoma wengine: dini ya mwajiri peke yake haitoshi kuwa ni dalili ya uadilifu wake.

Sayyidna Khabbab bin al-Arat alikuwa mhunzi Makka, akamfulia upanga al-As bin Wail, naye alikuwa mshirikina. Alipokwenda kudai ujira wake, al-As alimwambia hamlipi mpaka amkufuru Muhammad. Khabbab akakataa katakata. Maulamaa wameitoa katika khabari hii faida mbili. Ya kwanza ni kwamba Mwislamu aweza kumfanyia kazi asiyekuwa Mwislamu, nao wakataja masharti: iwe ni kazi iliyo halali kwa Mwislamu, na isiwe ya kuwasaidia watu kuwadhuru Waislamu. Ya pili ni kwamba ujira ukitakiwa kulipiwa kwa dini, ujira huachwa. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika safari ya Hijra ambayo roho yake ilikuwa ikiwindwa, alimwajiri kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraykit, ambaye alikuwa katika dini ya Makureshi. Alimwajiri kwa kuwa aliijua njia na aliaminika.

Basi mwajiri apimwe kwa matendo yake, nayo hujulikana kwa kuuliza. Waulizeni waliofanya kazi kwake wakatoka: walilipwa mwezi wao wa mwisho? Waulizeni walioko: mshahara huja tarehe ngapi, au huja atakapo bwana mkubwa? Makato ya NSSF na ya bima ya afya yakikatwa, hufika yanakopelekwa? Na mtu akiwa amekaa barazani akingoja kuitwa, naamtazame tajiri jinsi asemavyo na mfagiaji, kwani ndivyo atakavyosema naye baada ya mwezi mmoja. Imepokewa katika hadithi kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa ni hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Kisha yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika deni la muda. Na ujira ambao mtu ataungoja hadi mwisho wa mwezi ni nini kama si deni? Wazee wetu wa pwani waliijua faida ya karatasi. Neno letu "kibarua" asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyaji kazi wa siku ili kazi yake ihisabiwe. Leo tumelibakisha neno, na karatasi yenyewe tumeitupa!

Na sheria ya nchi iko pamoja nasi katika hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yawe kwa maandishi, na asiyejua kusoma, au asiyeifahamu lugha iliyoandikiwa, aelezwe kwa lugha aifahamuyo. Sheria hiyo hiyo yampa mfanyaji kazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku ishirini na moja za kazi kwa mwaka, na muda wa kujaribiwa usiozidi miezi sita ila kwa makubaliano yake. Na Katiba ya mwaka wa 2010 imekataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Mwenye kumwambia kijana, "Sisi hapa hatuandikiani, sisi ni ndugu," basi na ajibiwe kwa adabu: "Kwa kuwa tu ndugu, tuandikiane, udugu wetu usije ukaharibika."

Neno hili twalikariri kwa dada zetu na ndugu zetu waendao Arabuni. Wengi huona kwamba nchi ikiwa ni ya Waislamu, au ikiwa ndiyo yenye Haram mbili tukufu, basi hapana haja ya kuuliza. Chini ya utaratibu wa kafala ukaazi wa mfanyaji kazi hufungamana na yule aliyemleta, na mageuzi yaliyofanywa Saudia mwaka wa 2021 hayakuwaingiza watumishi wa nyumbani. Wakala aulizwe kama amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na jawabu lake lihakikishwe kwa Mamlaka wenyewe, si kwa mdomo wake. Mkataba usomwe hapa, kabla ya ndege, na nakala yake ibaki kwa mama nyumbani.

LA TATU: NAFSI YAKO

Kazi yaweza kuwa halali, na mwajiri akawa mwadilifu, na bado isikufae wewe. Binti wa Madyan alitaja nguvu na uaminifu, na Nabii Yusuf alipoitaka kazi ya hazina za Misri alitaja kwamba yeye ni mhifadhi na ni mjuzi. Basi jiulize: hii naiweza? Mwenye kuchukua kazi asiyoijua, akala mshahara wake kwa kujificha nyuma ya wenziwe, amekhini hata kama mkataba wake umeandikwa kwa dhahabu.

Tazameni maimamu wetu. Imamu Abu Hanifa alitakiwa na Khalifa al-Mansur awe kadhi, akakataa. Wanahistoria wameeleza kwamba alifungwa kwa ajili hiyo, naye alifariki mwaka wa 150 wa Hijra, yaani 767. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akaja akaukubali ukadhi, akawa kadhi mkuu katika zama za Harun ar-Rashid. Kazi ni moja, na hapana amwitaye Abu Hanifa mvivu wala Abu Yusuf mwenye tamaa. Kila mmoja aliipima nafsi yake na mtawala wa zama zake. Lakini zingatieni jambo moja: Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri mjini Kufa. Alikuwa na pa kusimama aliposema "La." Asiye na akiba wala ufundi mwengine mkononi ni taabu kwake kusema neno hilo. Kwa hivyo twawausia vijana: kila mwenye mshahara aweke kidogo, na kila mwenye cheti ajifunze na kazi ya mkono. Hiyo ndiyo bei ya uhuru wa mtu.

Katika kuipima nafsi mna na hesabu. Twatoa mfano tu. Tuseme kazi moja ni ya shilingi 25,000, iko mbali. Nauli kwenda na kurudi ni shilingi 200, na chakula cha mchana shilingi 150. Kwa siku 26 za kazi, nauli ni 5,200 na chakula ni 3,900, jumla 9,100. Kilichobaki ni 15,900. Nyengine ni ya shilingi 20,000, huenda kwa miguu na hula kwake. Ipi kubwa? Na saa tatu za njiani kila siku, ambazo zingalikuwa za wazazi, za watoto au za darsa, nani azilipaye?

Na khabari ya swala iulizwe mapema, kabla ya kutia sahihi. Sheria imetoa siku moja ya mapumziko, lakini haikusema kwamba ni Ijumaa. Basi mtu aseme tangu mwanzo: "Adhuhuri nitahitaji dakika kumi na tano, na Ijumaa nitahitaji muda wa swala, nami nitaufidia." Waajiri wengi hukubali wakielezwa mapema, huchukizwa na mtu atowekaye bila ya ruhusa. Kisha, baada ya kuuliza na kushauriana na wajuao, ndipo iswaliwe swala ya istikhara. Istikhara haikuwekwa mahali pa kuuliza, imewekwa juu yake.

MWENYE DHIKI

Twajua kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Iko siku ambayo mtu hana cha kuwalisha watoto, na dharura ina hukumu zake. Mtu kama huyo asihukumiwe barazani na waliokwisha kula. Na aende kwa mwanachuoni amweleze hali yake ilivyo. Na aliyekwisha kuwamo katika kazi yenye shaka, asiibatize jina jengine wala asikate tamaa. Na atie nia ya kutoka, na atafute mlango mwengine kwa bidii kila siku.

Lakini lawama kubwa hatuiweki juu ya vijana. Twaiweka juu yetu sisi wenye maduka, maghala, magari na afisi. Ni wangapi katika sisi tuhimizao halali na haramu mimbarini, na vijana wetu wa dukani hawana karatasi, hawana likizo, na mshahara wao wausubiri mpaka mwezi wa pili? Mtume (S.A.W.) ametuamrisha mfanyaji kazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Kijana akiikimbia afisi ya Mwislamu kwa sababu ya dhulma, na akaikimbilia hoteli kwa sababu ya mkataba, dhambi hiyo itakuwa ya nani peke yake?

JAWABU TULILOMPA

Kijana wetu tulimwambia hivi: "Usishike yoyote katika hizi mbili kama zilivyo sasa. Nenda hotelini, uwaulize kama wana kazi ya hesabu au ya stoo isiyokuwa na pombe, hata kama ujira wake ni mdogo. Na nenda kwa tajiri, umwambie kwamba uko radhi na mshahara wake mdogo kwa masharti mawili: mapatano yaandikwe, na kalamu yako isiandike ila lililo kweli."

Alikwenda kote kuwili. Tajiri alikasirika, akasema asiyemwamini asimfanyie kazi. Hoteli walimwambia angoje, huenda ikapatikana nafasi katika stoo ya mashuka na vyombo. Na hadi tuandikapo haya bado haijapatikana. Kwa sasa humsaidia mjomba wake sokoni asubuhi, na hurudi kwa mamake na kidogo. Hatutaki kuwaficha wasomaji wetu kwamba kusema kweli kumemgharimu. Mwenye kumcha Mwenyezi Mungu ameahidiwa njia ya kutokea, na ahadi hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi njia hiyo hufunguliwa kwa mikono ya waja wake.

Basi aliye na duka au afisi katika wasomaji wetu, na ahitajia mwenye kuweka hesabu kwa haki, na yu tayari kuandikiana, na atujulishe baada ya darsa.

Wabillahi tawfiq.